Santuri, Mkanda na Seva: Tarihi ya Kutafuta Kasoro ya Sauti Katika Nyumba za Tanga

Katika baadhi ya nyumba za Tanga na Pangani siku hizi huwako kompyuta moja kuukuu, imewekwa pembeni mwa sebule, haizimwi usiku wala mchana. Hiyo ndiyo ghala la nyimbo na picha za jamaa wote, nayo huitwa seva. Televisheni huomba wimbo kutoka humo, na wimbo huja kidogo kidogo, ukisikilizwa huku sehemu iliyobaki ikiwa bado njiani. Ukikatika, au ukikataa kabisa kuja, mwenye nyumba huanza kutafuta kasoro. Kazi hii yaonekana kuwa ya jana tu. Lakini tarihi yake ni ndefu, na ndani yake mna kosa moja ambalo vizazi vitatu vimelirithishana: njia ya sauti huugua, na dawa hutiwa ghalani.

Sauti ya kwanza ya pwani kuingia nyumbani ikiwa kitu cha kuwekwa kabatini ilikuja kwa santuri. Katika mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenziwe hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na sindano ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja ulipokwisha. Aghalabu haikubadilishwa, sindano zilikuwa fedha. Baadaye zikaja sahani ndogo za mizunguko 45, na kwa hizo Tanga nayo ikapata kusikika mbali. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipunguza wapigaji, vikatia gitaa la umeme na besi mahali ambapo Unguja ilipenda safu ndefu ya fidla, na sauti ya Shakila, aliyefariki mwaka wa 2016, ikajulikana Afrika Mashariki nzima. Sahani za wanamuziki wa Tanzania zilichapwa Kenya, kwa kuwa nchini hapakuwa na kiwanda cha kuzichapa. Kwa hiyo sahani iliyoharibika haikuwa rahisi kuipatia nyingine.

Sindano iliporukaruka, kasoro ilikuwa mara nyingi katika mkono wa gramafoni, au katika meza isiyolala sawa, au katika sindano yenyewe. Dawa iliyotumiwa na watu wengi ilikuwa kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili ikae kwa uzito. Wimbo ulinyooka mara moja, na kila aliyekuwapo akafurahi. Lakini uzito ule ulichimba mfereji wa sahani, na kila ulipopigwa ndivyo sauti za juu zilivyokwanguliwa. Chombo kilichougua kilibaki na ugonjwa wake. Kilicholipa ni wimbo.

Redio haikuwa na hatari hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza katika mwaka wa 1951, ghala la nyimbo lilikuwa mbali, na msikilizaji wa Tanga hakuweza kulifikia hata angetaka kulidhuru. Usiku, mawimbi ya vituo vya mbali yalipoingiliana, yeye aliweza tu kukigeuza chombo chake upande huu na huu mpaka sauti ikasafika. Na kwa hakika hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe, maana antena iliyomo ndani ya redio hupokea vizuri zaidi kwa upande mmoja kuliko mwingine. Ni nadra ujinga wa mtu kumkinga namna hiyo.

Mkanda wa kaseti, uliotolewa na Philips katika mwaka wa 1963, ulirudisha ghala mikononi mwa watu, na pamoja nalo kosa. Harusi zilinaswa, na taarabu za usiku mzima, na sauti za wazee. Kichwa cha kinasa sauti hushika vumbi na masizi ya mkanda, na hewa ya chumvi ya pwani haikisaidii. Kikichafuka, sauti hutoka nzito kana kwamba mwimbaji amefunikwa blanketi. Pamba na spiriti kidogo zingetosha. Lakini wengi waliuhukumu mkanda kuwa umekufa, wakaziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya juu vinavyozuia kufuta, wakanasa kitu kingine juu yake. Yamkini nyimbo nyingi za Tanga zilipotea hivyo kuliko zilivyopotea kwa moto au mvua.

Sasa ni zamu ya seva. Mwenye nyumba wa leo wimbo ukimkwama hulaumu intaneti, ilhali intaneti haimo katika shauri hili: wimbo watoka pembe moja ya nyumba kwenda pembe nyingine. Mambo ya kuulizwa ni matatu, yaani ghala, njia na msomaji. Faili likipigwa kwenye seva yenyewe likasikika vema, ghala ni zima. Televisheni ikiunganishwa kwa waya na wimbo ukapita bila kukatika, kasoro ilikuwa katika waifai. Na nyumba za kale za Pangani, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, hudhoofisha mawimbi hayo kuliko ubao au kioo. Ruta ikihamishwa karibu na mlango, pengine neno limekwisha. Sauti ikipita lakini picha kubwa zikasimama, njia ni nyembamba kwa mzigo.

Na ikiwa njia ni nzuri, yabaki msomaji. Picha iliyobanwa kwa kanuni ya H.265, iliyopitishwa mwaka wa 2013, haisomeki kwa televisheni nyingi zilizotangulia. Pengine seva haionekani kabisa: seva kuukuu husema SMB1, lugha ya kale ya kuazimana mafaili, ambayo Windows 10 iliacha kuja nayo tangu mwishoni mwa 2017, baada ya kirusi cha WannaCry kupita katika udhaifu wake. Ghala limejaa, ila mlango unabishwa kwa lugha isiyojulikana ndani.

Hapo ndipo sarafu ya zamani hurudi. Televisheni ikikataa faili kamili lililonakiliwa kutoka mkanda wa baba, kijana wa nyumba huligeuza kuwa MP3, na kwa kuwa nafasi ni haba, hulifuta lile la asili. Sauti kamili ya diski huchukua kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 haifiki hata sehemu moja ya kumi, na kilichotupwa hakirudishwi na programu yoyote. Ingetosha kumfanyia msomaji nakala yake na kuliacha la asili pale pale, au kuiachia seva igeuze wakati wa kutuma, ikiwa ina nguvu za kutosha.

Katika baadhi ya mafaili yaliyonakiliwa kutoka sahani za mizunguko 45, gitaa husikika safi mwanzoni, kisha mkwaruzo huingia katikati ya ubeti na kufuata mzunguko, mara 45 kwa dakika, hadi wimbo unapokwisha. Mkwaruzo huo hupita katika waya na katika waifai vilevile, na kila televisheni huusoma bila taabu.