Kiangazi Kilichojenga Kanisa: Historia Fupi ya Parokia za Mbulu na Hanang

Mwezi wa saba huku kwetu Mbulu ukungu hauondoki mapema. Watu huingia Misa ya kwanza wamejitanda mashuka na makoti mazito, watoto mikono kwapani, na kwaya ikianza kuimba utaona mvuke ukitoka vinywani. Hicho ndicho kiangazi chetu. Mvua imekatika tangu mwezi wa tano, mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa, barabara zinapitika, lakini baridi ya kipupwe inapenya hadi kwenye mifupa. Mapadre wa kwanza kutoka Ireland, ambao kwao Juni na Julai ni miezi ya kutoka nje na kuota jua, walilazimika kuomba blanketi la pili.

Baada ya komunyo, katibu wa halmashauri ya walei husimama na daftari lake. Jumuiya fulani mchanga, jumuiya fulani maji, jumuiya fulani kuni za tanuru. Wanaume Alhamisi, akina mama Jumamosi, vijana siku zote mbili. Nimeyasikia matangazo hayo tangu ningali nabebwa mgongoni, na vijana waliponiomba niwaandikie historia ya parokia zetu, hayo ndiyo yaliyonijia kwanza kabla ya jina la askofu yeyote. Parokia zetu zilijengwa kati ya Juni na Oktoba, kwa mikono ya waamini wenyewe. Mengine yote nitakayosema yamesimama juu ya hilo.

Injili ilitangulia kufika upande wa Babati wa leo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kujikita Kilimanjaro, walifungua misheni Ufiomi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini sisi wa Mbulu na Hanang tunahesabu hasa tangu walipokuja Wapalotini wa Ireland, miaka ya 1940, dunia ikiwa vitani kwa mara ya pili. Mwaka 1943 nchi yetu ilifanywa Prefektura ya Kitume ya Mbulu. Mwaka 1952 ikapanda kuwa Vikarieti, na tarehe 25 Machi 1953, siku ya Bikira Maria kupashwa habari, ikawa Jimbo kamili. Askofu wa kwanza alikuwa Patrick Winters, Mpalotini, aliyetuongoza hadi 1971. Jimbo lake lilikuwa kubwa kupita kiasi, likiingia hadi nchi ya Wanyaturu, kwa maana Singida ilipata jimbo lake mwaka 1972 tu.

Wazee wetu walipenda kusema kwamba Winters na wenzake walikuja na Mtakatifu wao ndani ya begi. Walimaanisha Vinsenti Pallotti, padre wa Roma aliyeanzisha jumuiya yake mwaka 1835 akiwa na fundisho moja ambalo wakati ule wengi walilishangaa: kwamba utume si kazi ya mapadre na watawa peke yao, bali kila aliyebatizwa ni mtume. Alitangazwa Mtakatifu Januari 1963, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, nao Mtaguso ukaja kusema mengi yaliyofanana na hayo. Kwetu fundisho hilo halikuhitaji vitabu. Padre alikuwa mmoja na vigango vilikuwa vimetawanyika katika milima na mabonde yasiyopitika masika. Asipokuwepo katekista wa kuongoza ibada, na mzee wa kutunza ufunguo, na mama wa kufundisha watoto sala, kigango kilikufa.

Wamisionari hawakukuta nchi tupu. Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakimwita Mungu Looaa, jina lililoshikamana na jua, na sala walikuwa nazo. Sala kubwa kuliko zote ni slufay, maneno marefu ya baraka anayoyatamka mzee huku waliokusanyika wakiitikia kwa sauti moja kila anapovuta pumzi. Anaombea mvua, ng'ombe, tumbo la mama, amani na jirani. Mzee hodari hashiki karatasi. Nikiwa mtoto, baada ya Misa ya mavuno, nilimwona padre wetu akimpa mzee mmoja nafasi mbele ya altare. Mzee alivua kofia, akaegemea fimbo, akaanza. Kanisa zima likaitikia, hata wale waliokuwa wamesimama nje kwa kuwa hawajabatizwa. Waliingia ndani mmoja mmoja wakiendelea kuitikia, wakasimama nyuma, na hakuna aliyewatoa. Baba yangu, aliyekuwa katekista, alikuwa akisimulia siku hiyo hadi uzeeni kwake, na kila mara aliishia pale pale, kwenye mlango uliojaa watu.

Padre yule alikuwa ameitafuta lugha yetu kwa jasho. Kila jioni alikaa kibarazani kwa jirani yetu akijifunza ile sauti ya kooni ambayo siku hizi tunaiandika kwa h mbili. Watoto tulisimama mbele yake tukimtamkia, naye akijaribu, akikohoa, akijaribu tena. Miezi mingi ilipita. Siku alipoipata, mama mwenye nyumba alimletea kibuyu cha maziwa.

Jambo jingine wamisionari walilolikuta ni aya. Nalieleza kwa sababu vijana wa mjini hawalijui tena. Aya ni nchi ya watu wanaokaa pamoja, mlima na mabonde yake, wenye wazee wao na kiongozi wao, kahamusmo, wanaolima pamoja, wanaojengeana nyumba, na wanaotakasa ardhi yao kwa pamoja ikipatwa na mkosi. Kazi ya pamoja iliisha kwa buura, pombe ya mtama, chini ya mti. Kwa hiyo padre aliposema watu wajitokeze kufyatua matofali ya kanisa, hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Waliuliza ni lini, na nani atapika.

Na kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo ulichimbwa karibu na maji, ukamwagiwa, ukakandwa kwa miguu na vijana waliokunja suruali hadi magotini, baridi ikiwauma. Kalibu ya mbao ililoweshwa, ikajazwa, ikasawazishwa kwa kiganja, ikapinduliwa. Matofali yalianikwa yakifunikwa nyasi ili jua lisiyapasue. Yakishakauka yalipangwa tanuru, ikiachwa midomo ya kuni chini, nje yakakandikwa tope, kisha moto ukawashwa na kulindwa usiku na mchana. Walinzi wa moto walisali rozari na kuchoma viazi. Manyunyu ya siku moja tu yangeharibu kazi ya wiki tatu, ndiyo maana haiwezekani kazi hii kufanyika miezi mingine. Akina mama walipanga foleni kutoka mtoni hadi kilimani, kila mmoja na mtungi kichwani. Siku moja bibi mmoja mkongwe, aliyekatazwa kubeba kwa sababu ya umri wake, alikuja na kikombe. Alijaza maji kikombe hicho, akapanda nacho mlima wote, akakimimina kwenye udongo, akateremka kukijaza tena. Alikwenda mara nne.

Kiangazi ndicho kilichokuwa pia mwaka wenyewe wa parokia. Askofu alitoa Kipaimara miezi hiyo kwa kuwa gari lilifika. Masika, udongo mweusi wa upande wa Hanang hushika magurudumu mpaka mvua inayofuata. Maandamano ya Ekaristi yalipita katika vumbi, watoto wakitupa maua ya porini. Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Kupalizwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti, zote ziliangukia wakati ghala zina chakula, kwa hiyo ndizo zilizokuwa siku za ndoa. Waseminari wa Sanu walirudi likizo, wakafundisha nyimbo mpya na kucheza mpira na vijana wa vigango. Padre alivaa kijani altareni huku mashamba yote yakiwa rangi ya majani makavu, na sisi watoto tulidhani ni kwa ajili ya kutukumbusha mvua.

Matoleo ya mavuno yanastahili neno lake. Watu hawakuleta bahasha. Walileta debe la mahindi, maharage, ulezi, mtama, jogoo aliyefungwa miguu. Wale wa Bashay walileta vitunguu saumu vilivyosukwa kama nywele, kanisa likanukia hadi Jumapili iliyofuata. Upande wa Hanang ililetwa ngano na alizeti, na mfugaji alileta ndama mwenyewe, akamshika kamba mlangoni akingoja zamu yake.

Hanang ilikuwa na njia yake. Wabarabaig ni watu wa ng'ombe, na kiangazi kwao ni wakati wa kuhama kufuata maji. Kanisa la matofali halihami, basi katekista alihama. Alibeba kitabu cha sala na kengele ndogo, akakaa nao chini ya mgunga, akafundisha jioni ng'ombe wakiingia bomani. Nawaheshimu makatekista hao kuliko watu wote katika historia hii, na wengi wao wamelala makaburini bila jiwe lenye jina. Nangwa, chini ya mlima Hanang, masista Wamisionari wa Tiba wa Maria walitibu wagonjwa, kama walivyofanya Dareda tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanamke wa Kibarabaig aliyevaa sketi yake ya ngozi alikaa benchi moja na mama wa Kiiraqw, watoto wao wakinyonya, na uhasama wa wizi wa ng'ombe ukawa jambo la kuzungumzika.

Mtaguso ulipokwisha mwaka 1965, Misa ikawa kwa Kiswahili na ngoma ikaingia kanisani. Mwaka 1971 Askofu Winters alimwachia nafasi Nicodemus Hhando, mwana wa nchi hii, mwenye zile h mbili katika jina lake. Wazee walilia hadharani. Ni katika uongozi wake ndipo maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua, mwaka 1976, kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji. Sehemu nyingine ilibidi watu wafundishwe maana yake. Sisi tulikuwa na aya. Tuliipa jina la mtakatifu tukaendelea.

Miaka hiyo ilikuwa na mizigo yake pia. Shule za misheni zilikwenda serikalini. Operesheni Vijiji ilihamisha watu, na kigango kikajikuta peke yake kilimani. Uwanda wa Basotu ulilimwa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine, na familia nyingi za wafugaji zikaondoka zikiacha makaburi ya wazee wao katikati ya shamba. Yalisemwa mengi, na kulikuwa na kesi mahakamani. Hapa nasema tu kwamba katekista mmoja niliyemfahamu alifika chini ya mgunga wake akiwa na kengele, akakuta trekta.

Septemba 1990 Papa Yohane Paulo II alifika Tanzania, na Moshi ikawa kituo chake kimojawapo. Waliokwenda walirudi na sauti zimekauka kwa kuimba, na rozari za kugawia jumuiya nzima.

Yaliyofuata ni ya karibu na wengi mnayajua. Uongozi wa Askofu Hhando uliisha 1997. Yuda Thadei Ruwa'ichi, Mkapuchini, alituongoza kuanzia 1999 hadi 2005, na Beatus Kinyaiya, naye Mkapuchini, kuanzia 2006 hadi 2014. Baada ya kungoja miaka kadhaa tukampata Anthony Lagwen mwaka 2018, mwaka ule ule Kanisa la Tanzania lilipotimiza miaka 150. Mkoa wetu wa Manyara ulizaliwa 2002. WAWATA ya akina mama, iliyoanzishwa kitaifa mwaka 1972, UWAKA ya wanaume, VIWAWA ya vijana, Utoto Mtakatifu, Legio Maria na kwaya nyingi zinaendelea. Parokia mpya zimegawanywa kutoka za zamani, na mabati yamechukua mahali pa nyasi.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, uliachia tope, mawe na magogo juu ya Katesh na Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengine walipatikana siku nyingi baadaye. Matangazo ya kanisani wiki hizo hayakuwa ya mchanga wala kuni. Yalikuwa ya blanketi, masufuria, unga, na majina ya kuombea. Katibu wetu aliyasoma majina akasimama katikati ya orodha, akampa daftari mtoto wa kwaya amalizie.

Kiangazi kilichofuata tuliwasha tanuru tena. Mwaka huu kuna nyumba ya katekista ya kujenga, kigango cha juu, na matofali yamekwisha kupangwa, yanangoja kukandikwa. Jumuiya yetu ina zamu ya maji Jumamosi. Kila kaya ndoo mbili, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, na uji utakuwepo.