Dawa za Kichina, Chakula, na Kupunguza Unene

Ninyi mlio madarasani, sogeeni karibu na redio. Leo ni somo la historia, lakini ni historia inayogusa tumbo la kila mtu.

Katika masoko na stendi za basi huuzwa pakiti za majani makavu na vidonge. Muuzaji husema, "Mama, hii ni dawa ya Kichina. Kunywa mwezi mmoja tu, unene utakwisha." Mnunuzi hutoa fedha yake, naye hajui amenunua nini. Asiyejua habari za kitu huuziwa jina tu. Basi na tuzijue habari hizo, tokea mwanzo.

Waganga wa kale wa China

China ina vitabu vya uganga vya zamani sana. Kimoja, kilichoandikwa yapata miaka 2,000 iliyopita, chaeleza habari za chakula pamoja na habari za magonjwa. Kwa kitabu hicho nafaka ndiyo msingi. Matunda, nyama na mboga zafuata, kila kimoja kwa kazi yake. Tena chasema kwamba mtu anayezoea vyakula vitamu na vyenye mafuta mengi huweza kupata ugonjwa wa kiu isiyokwisha. Wataalamu wengi wa leo huona ya kuwa ugonjwa huo ulifanana na kisukari.

Katika karne ya 7 palikuwa na mganga mashuhuri, jina lake Sun Simiao. Yeye alifundisha kwamba mganga mwema hujaribu kwanza kumponya mgonjwa kwa chakula. Chakula kikishindwa, ndipo atoe dawa. Likumbukeni neno hili, maana wauzaji wa pakiti wameligeuza: wao huanza na dawa, na habari ya chakula hawaitaji kabisa.

Dawa za Kichina zafika kwetu

Madaktari wa kwanza waliotumwa na serikali ya China walifika Zanzibar mwaka 1964. Mwaka 1968 wengine walifika Tanzania Bara. Walitibu kwa dawa za hospitali, na kadhalika kwa sindano nyembamba za Kichina. Katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, watu binafsi kutoka China walifungua zahanati zao Dar es Salaam. Hapo ndipo maneno "dawa ya Kichina" yalipoenea midomoni mwa watu.

Tena tusidharau. Dawa mseto ya malaria, ambayo wengi wetu tumeinywa, ina asili yake katika mmea wa Kichina. Mwanamke mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alisoma kitabu cha karne ya 4 kilichotaja mmea huo kwa ajili ya homa. Katika miaka ya 1971 na 1972 yeye na wenzake waliupima mmea kwa uangalifu, wakapata dawa ndani yake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Tazameni vizuri: ujuzi wa kale ulikuwa mwanzo tu. Ulipimwa kwanza, ndipo ukaaminiwa.

Msiba wa Brussels

Sasa sikilizeni jambo la huzuni. Kati ya mwaka 1990 na 1992, katika mji wa Brussels, nchini Ubelgiji, wanawake wengi walikwenda katika zahanati moja ili wapunguze unene. Walipewa vidonge vyenye dawa za hospitali vilivyochanganywa na unga wa mimea ya Kichina. Baada ya muda figo zao zikaanza kufa. Zaidi ya wanawake 100 waliugua. Wengi walilazimika kusafishwa damu kwa mashine, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Kosa lilikuwa nini? Lilikuwa jina. Mmea uliotakiwa kwa Kichina huitwa *han fang ji*. Uliotiwa katika vidonge ulikuwa *guang fang ji*. Majina yanakaribiana, lakini huo wa pili una sumu inayoharibu figo na kuleta kansa. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1993. Baadaye wagonjwa 39 kati yao walitolewa figo zao zilizokwisha kufa, na 18 wakaonekana wana kansa. Mwaka 2004 China yenyewe iliuondoa mmea huo katika dawa zake.

Jambo jingine lisisahauliwe. Waganga wa kale wa China hawakuutumia mmea ule kwa kupunguza unene. Waliutumia kwa uvimbe na maumivu ya viungo. Habari ya unene iliongezwa na watu wa zama zetu. Hata mmea uitwao *ma huang*, ambao Wachina waliutumia kwa pumu na kikohozi, uliuzwa Marekani kama dawa ya kupunguza unene. Watu wakapata maradhi ya moyo, na mwaka 2004 serikali ya huko ikaupiga marufuku katika bidhaa hizo.

Tena iko hila nyingine. Dawa ya kiwandani iitwayo sibutramini iliondolewa madukani Ulaya na Marekani mwaka 2010, kwa sababu ya hatari kwa moyo. Hata hivyo wakaguzi wa nchi nyingi wameikuta imefichwa ndani ya pakiti zilizoandikwa "mimea mitupu". Basi hata mtu anayejua kusoma aweza kudanganywa, kama maandishi yenyewe ni ya uongo.

Chakula cha Usukuma na cha migodini

Turudi kwetu. Wazee wa Shinyanga walikula ugali wa mtama na uwele, maziwa, kunde, mlenda na majani ya kunde yaliyokaushwa. Viazi vitamu walivikata wakavianika vibichi, wakapata michembe. Au walivichemsha kwanza, wakapata matobolwa. Walikula wakashiba, lakini walilima kwa jembe, walichunga ng'ombe, na maji waliyafuata mbali. Mwili ulitumia kile ulichokula. Mtu mnene aliheshimiwa, maana unene ulikuwa dalili ya kwamba njaa haikumpata.

Kisha mambo yakabadilika. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Fedha ikazunguka na miji ikakua. Leo mtu hupanda bodaboda, hula chipsi na maandazi, na hunywa soda badala ya maji. Hesabu ya afya ya nchi nzima ya mwaka 2004 na 2005 ilionyesha kwamba wanawake 18 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamezidi uzito. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha 28. Unene huu waweza kuleta kisukari na shinikizo la damu.

Basi tufanye nini?

Ukitaka kuchanganya uganga wa Kichina na kupunguza unene, shika lile fundisho lake la kwanza: chakula kabla ya dawa. Punguza sukari, soda na mafuta. Punguza bonge la ugali, ongeza mboga na maharage. Rudisha mtama, kunde na mlenda mezani. Tembea kila siku. Unene haukuja kwa mwezi mmoja, nao hautaondoka kwa mwezi mmoja.

Ukipewa dawa ya mimea, iwe ya Kichina au ya Kisukuma, uliza: Jina lake kamili ni nani? Ndani yake mna nini? Muuzaji ameandikishwa? Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, nayo yataka waganga waandikishwe. Mwenye mimba, na mwenye ugonjwa wa figo, moyo au kisukari, asinywe kabla ya kumwuliza daktari. Wala asiache dawa zake za hospitali.

Wanawake wa Brussels hawakuwa wajinga. Walimwamini mtu, wala hawakuwa na njia ya kujua kilichomo. Ninyi sasa mwajua la kuuliza.

Maneno ya kujifunza: figo, kupandikiza, kisukari, kuandikishwa, marufuku.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Sun Simiao alifundisha nini juu ya chakula na dawa?
2. Kwa nini wanawake wa Brussels waliugua?
3. Dawa ya malaria ya Tu Youyou na vidonge vya Brussels vyote vina asili ya mimea. Tofauti yake ni nini?
4. Taja vyakula vitatu vya wazee wako ambavyo sasa havipikwi sana nyumbani kwako. Viliachwa kwa sababu gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.