Kutoka Wosia wa Derby hadi Zahanati za Tanganyika: Miaka 130 ya LSE

Mwaka 1894, wakili mmoja wa mji wa Derby nchini Uingereza, Henry Hunt Hutchinson, alifariki dunia. Wosia wake uliwashangaza hata waliomfahamu. Sehemu kubwa ya mali yake, iliyofikia takriban pauni 20,000, aliiachia Jumuiya ya Fabian, kundi la wasomi walioamini kwamba ujamaa utakuja kwa hoja na kwa sheria, hatua baada ya hatua, bila kumwaga damu. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti mwaka huo, watu wanne walikutana kwenye staftahi katika shamba la Borough, jimbo la Surrey: Sidney Webb na mkewe Beatrice, mwalimu Graham Wallas na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Fedha za marehemu zifanye nini? Webb alikuwa na jibu tayari. Zianzishe chuo.

Shaw hakupendezwa. Alihoji kama ni halali fedha zilizoachwa kwa ajili ya kueneza ujamaa zitumike kufundishia watu uchumi tu. Pingamizi lake lilikuwa na uzito, maana wosia ni amana. Lakini Webb alikuwa na imani ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya kisa hiki chote: kwamba ukiuchunguza umaskini kwa uaminifu, ukahesabu mishahara, kodi za nyumba na vifo vya watoto bila kuficha kitu, ukweli wenyewe utadai haki. Basi mwalimu hana haja ya kuhubiri. Aliisimamia imani hiyo kwa vitendo pia, kwani mkurugenzi wa kwanza aliyemteua, W. A. S. Hewins, hakuwa mjamaa.

Milango ilifunguliwa Oktoba 1895 katika vyumba vya kupanga mtaa wa John, Adelphi, katikati ya London. Chuo kikaitwa London School of Economics and Political Science. Wengi wanakijua kwa herufi tatu tu, LSE. Masomo mengi yalikuwa ya jioni, kwa watu waliotoka kazini. Wanawake walipokelewa tangu siku ya kwanza, sawa na wanaume. Hilo halikuwa jambo dogo: Cambridge ilisubiri hadi 1948 ndipo ikawapa wanawake shahada kamili. Mwaka 1900 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London, na 1902 kikahamia Clare Market, karibu na mtaa wa Houghton ambao jina lake limeshikamana nacho mpaka leo. Mwaka 1922 kilichagua wito wake kwa Kilatini, unaohusu kujua sababu za mambo.

Katika nyumba hii wapinzani waliishi pamoja. William Beveridge alikuwa mkurugenzi kuanzia 1919 hadi 1937, na ripoti yake ya 1942 ndiyo iliyochora ramani ya bima ya jamii na huduma za serikali kwa raia wa Uingereza. Aliyekuja kuutekeleza mpango huo akiwa waziri mkuu, Clement Attlee, alikuwa amefundisha LSE ujanani mwake. Lakini ni wakati wa Beveridge huyo huyo, mwaka 1931, ambapo Friedrich Hayek alifika kutoka Vienna, na mwaka 1944 akachapisha kitabu cha kuonya kwamba serikali inayopanga kila kitu huishia kuwanyang'anya watu uhuru. Korido moja, mafundisho mawili, na kila moja limetawala nusu ya dunia kwa zamu yake. Tena ni Beveridge ambaye mwaka 1933, wanazuoni wengi wa Kiyahudi walipofukuzwa vyuoni Ujerumani, aliongoza wenzake kuunda baraza la kuwasaidia kupata kazi na makazi.

Waanzilishi wa chuo hawakuwa wapinzani wa ukoloni, na baadhi ya maofisa waliotumwa kutawala Afrika walipitia madarasa hayo hayo. Kwa hiyo uzito wa LSE katika historia yetu sisi tuliotawaliwa uliletwa na wanafunzi ambao waanzilishi hawakuwafikiria walipokuwa wakinywa chai shambani. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka lililoitwa najisi nchini India, alipata hapo shahada ya uzamivu mwaka 1923 kwa utafiti juu ya sarafu ya rupia, kisha akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India huru. Arthur Lewis alitoka kisiwa cha St Lucia akiwa na nia ya kusomea biashara, kwa kuwa kazi ya uhandisi, aliyoitamani, makoloni hayakuwapa watu weusi. Mwaka 1938 akawa mhadhiri wa kwanza mweusi wa chuo hicho, na mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Na alikuwepo mtu wa Gatundu. Johnstone Kenyatta alifika London mara ya kwanza mwaka 1929, akiwa ametumwa na chama cha Wakikuyu kudai ardhi. Akarudi tena 1931, mara hii akakaa miaka kumi na mitano. Mwaka 1932 alitoa ushahidi mbele ya tume ya ardhi ya Kenya, na malalamiko ya watu wake hayakupata suluhu waliyoitaka. Ndipo katikati ya miaka ya 1930 akajiunga na semina ya Bronislaw Malinowski, profesa wa anthropolojia wa LSE, ambako wasomi waliketi kujadili mila za watu wa mbali. Kenyatta alijadili mila za nyumbani kwake. Insha alizoziandika humo zikawa kitabu mwaka 1938, Malinowski akakiandikia utangulizi, na kwenye jalada mwandishi akajiita Jomo.

Ukikisoma kitabu hicho, ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Naushangilia Mlima wa Kenya, utaona kimetanguliza ukoo, kisha ardhi. Mpangilio huo una maana. Serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba ardhi ile ilikuwa ya kabila kwa jumla, isiyo na mwenyewe hasa, kwa hiyo ikichukuliwa hakuna aliyeibiwa. Kenyatta alieleza kwa utulivu jinsi kila kipande kilivyokuwa na mwenyewe, mipaka yake, na taratibu zake za kurithisha na kukaribisha wageni. Taaluma iliyokuwa ikitumika kumweleza Mwafrika aliishika kwa mkono wake mwenyewe na kuitumia kama hati ya shamba. Katika kila kilichoandikwa mtaa wa Houghton, sidhani kuna kazi iliyotimiza wito wa kujua sababu kwa ujasiri kuliko hiyo.

Baadaye alifuata Mwai Kibaki, kutoka Makerere, aliyesomea fedha za umma. Alikuwa waziri wa fedha wa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi, na alipokuwa rais, elimu ya msingi ikawa bila malipo kuanzia Januari 2003. Njia ya Makerere ilipitwa pande zote mbili: Audrey Richards, mwanafunzi wa Malinowski, ndiye aliyeiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere kuanzia 1950.

Kumbukumbu ya heshima haifichi madoa. Mwaka 1967 wanafunzi walikalia majengo katika mgogoro ulioanza chuo kilipomteua mkurugenzi kutoka chuo cha Rhodesia, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa walowezi. Mwaka 2011 mkurugenzi mwingine, Howard Davies, alijiuzulu kwa sababu ya uhusiano wa chuo na familia ya Muammar Gaddafi, ambaye mwanawe alisoma hapo na mfuko wake ukaahidi msaada. Makosa haya mawili yanafanana: wakubwa wa chuo walisahau kuuliza kule fedha au sifa zinakotoka wananchi wanaishije.

Lakini aliyeniteka moyo kuliko wote ni Richard Titmuss. Mtu huyu aliacha shule akiwa kijana mdogo, akafanya kazi ya bima, hakuwahi kusomea shahada yoyote. Mwaka 1950 LSE ikamfanya profesa. Aliuliza swali moja maisha yake yote: huduma ikitolewa, nani anaipata kweli? Baada ya uhuru, Titmuss na wenzake, akiwemo Brian Abel-Smith, walichunguza huduma za afya za Tanganyika. Nchi ilikuwa changa mno. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Ripoti ilitoka 1964, mwaka wa Muungano, na ushauri wake ulikwenda kinyume na tamaa ya kila taifa jipya kujenga hospitali kubwa mjini. Walisema fedha ziende kwenye vituo vya afya vijijini na kwenye kinga, karibu na mkulima anayetembea kwa miguu.

Serikali yenyewe ndiyo iliyoamua, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikasonga mbali zaidi ya ushauri wowote wa mgeni. Miaka ya 1970 vituo na zahanati vilienea nchini: jengo la vyumba vichache, bati juu, mganga msaidizi, mkunga, mizani ya kupimia watoto. Akina mama walifika alfajiri na watoto mgongoni, kadi za kliniki zimefungwa kwenye pindo la khanga, wakakaa kwenye benchi kungoja zamu yao.