Baiti ipi itangulie? Historia fupi ya mpangilio wa namba katika mtandao wa kompyuta

Kiswahili kiliazima kutoka Kiarabu maneno ishirini, thelathini na arobaini, lakini hakikuazima utaratibu wa kuyapanga. Mwarabu husema tano na ishirini. Mswahili husema ishirini na tano. Namba ni ile ile, wala hakuna aliyekosea. Tofauti ya namna hii iliwagawanya pia watengenezaji wa kompyuta, nayo kwao ilikuwa na hatari ambayo usemi hauna. Neno ishirini hujitambulisha lenyewe kuwa ni makumi, popote liwekwapo. Baiti haijitambulishi.

Baiti ni fungu la biti nane, kwa hiyo haiwezi kubeba namba inayozidi 255. Namba 1000 yahitaji baiti mbili: 3 na 232, yaani 256 mara tatu, na 232 juu yake. Atakayezisoma kinyume atapata 59395. Mashine za IBM System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilitanguliza baiti yenye thamani kubwa. Intel ilishika njia ya pili, na chanzo chake hakikuwa falsafa yoyote. Prosesa yake 8008 ya mwaka 1972 ilibuniwa kufuata maagizo ya mashine ya Datapoint 2200, ambayo ilifanya hesabu zake biti moja moja kwa mfuatano. Na kwa kuwa kujumlisha huanzia mamoja, ili kinachozidi kibebwe kwenda makumi, ilifaa baiti ndogo itangulie. Katika 8008 yenyewe sababu hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka. Utaratibu ulibaki, ukarithiwa na 8086 mwaka 1978 na vizazi vyake hadi leo. Mashine ya PDP-11 ya mwaka 1970 ilichanganya yote mawili: baadhi ya namba zake za baiti nne zilitanguliza nusu kubwa, lakini ndani ya kila nusu baiti ndogo ikatangulia. Asiyeamini na amsikilize Mwarabu akihesabu 125: mia na tano na ishirini.

Kila mashine ilipokaa peke yake, hayo hayakumdhuru mtu. Inasimuliwa kwamba mfumo wa Unix, uliokulia kwenye PDP-11, ulipohamishiwa kwenye mashine ya mpangilio mwingine, badala ya kuandika jina lake uliandika NUXI. Baiti ziligeuzwa mbili mbili, kana kwamba zote ni namba. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna kiini cha jambo zima. Herufi zilizoandikwa baiti moja moja hazigeuzwi kamwe. Namba ya baiti mbili hugeuzwa kwa mbili, ya baiti nne kwa nne. Anayepokea baiti nne bila kujua aina ya data hawezi kuzirekebisha, hata akiijua vizuri mashine iliyozituma. Mpangilio haurekebishiki pasipo maana.

Tarehe 1 Aprili 1980 Danny Cohen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, alisambaza waraka kuhusu vita hivyo na kuomba amani. Majina ya kambi aliyatoa katika kisa cha Gulliver cha Jonathan Swift, kilichochapishwa mwaka 1726, ambamo watu wafupi wa Lilliput na jirani zao wa Blefuscu wanapigana kwa sababu ya ncha ya kuvunjia yai: kubwa au ndogo. Hoja yake ilikuwa kwamba kukubaliana kuna uzito kuliko mpangilio utakaokubaliwa.

Mtandao ulichagua ncha kubwa. Waraka wa itifaki ya intaneti uliohaririwa na Jon Postel mnamo Septemba 1981 uliagiza baiti yenye thamani kubwa itumwe kwanza. Mwaka 1983 watu wa Berkeley, katika toleo la 4.2BSD la Unix, waliwapa waandishi wa programu amri nne za kugeuzia: htons, htonl, ntohs na ntohl. Herufi h ni mashine mwenyeji, n ni mtandao, s ni namba fupi ya biti 16, l ni namba ndefu ya biti 32. Kwenye mashine ya ncha kubwa amri hizo hazigeuzi chochote, na ndiyo maana mwenye kuzisahau huko hagundui kosa lake. Programu ile ile ikipelekwa kwenye mashine ya Intel, mlango namba 80 unakuwa mlango namba 20480, na hakuna anayeitikia.

Neno ndefu lenyewe halikudumu. Kwenye mifumo mingi ya Unix ya biti 64, namba iitwayo ndefu katika lugha ya C ina biti 64, lakini htonl bado hugeuza 32 tu. Kanuni za POSIX zililazimika kutaja idadi ya biti waziwazi katika aina ya data, na herufi l ikabaki katika jina la amri bila kazi yake ya zamani.