Vileo, mihadarati na hatari ya kujiua kwa vijana wa mpaka wa Tororo na Busia

Matumizi ya vileo na mihadarati, pamoja na hatari ya kujiua inayoambatana nayo, ni suala la afya ya jamii kwa vijana wa mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Paya na vijiji vingine vya Budama Magharibi, wilayani Tororo, hadi miji ya Malaba na Busia. Makala hii inawahusu hasa vijana wa umri wa miaka 10 hadi 19. Kujiua hakuna chanzo kimoja. Ulevi huzidisha uchungu ambao kijana tayari anao, kisha humnyima muda wa kughairi.

Eneo na watu

Paya ni nchi ya Jopadhola, jamii ya Kiluo inayopakana na Iteso, Wasamia na Wagwe. Wilaya ya Busia upande wa Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997, na ng'ambo ya pili uko mji wa Busia wa Kenya, makao makuu ya kaunti yenye jina hilo. Iteso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili, na watu huvuka kila siku kwenda sokoni, shuleni, hospitalini na matangani. Kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, lakini njia za panya hazikufa. Kijana aliyeacha shule hupata riziki ya haraka mpakani kwa kuendesha bodaboda au kubeba mizigo, na hizo ni kazi zinazompa fedha mkononi mapema, mahali ambapo vileo haviko mbali.

Vinavyotumiwa

Pombe ya kienyeji ndiyo ya kwanza. Jopadhola huita pombe yao ya wimbi kongo, Iteso huita ajono, sehemu nyingi za Uganda husema malwa, na upande wa Kenya kuna busaa. Kwa desturi, wazee hukizunguka chungu kimoja na kunywa kwa mirija mirefu, na unywaji una adabu zake. Pombe hiyo pia ni kitega uchumi: katika kaya nyingi mama hupika pombe ili watoto wapate karo, hivyo mtoto hukua akiiona, akiionja na wakati mwingine akiiuza.

Pombe kali zinazokenekwa, yaani waragi upande wa Uganda na chang'aa upande wa Kenya, hazina adabu ya chungu. Hunywewa haraka, kwa bei ndogo, na mara nyingi mbali na macho ya wazee. Zipo pia bangi na mirungi, ambayo Waganda huiita mairungi na Wakenya miraa. Watoto wa mitaani mijini hunusa gundi na mafuta.

Ulevi unavyoongeza hatari

Athari ya kwanza huonekana ndani ya saa chache. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo ya tendo, huendelea kukomaa hadi karibu umri wa miaka 25, na kileo huidhoofisha sehemu hiyohiyo. Ugomvi wa nyumbani, aibu ya kurudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo, au kuachwa na mpenzi ni mambo ambayo kufikia asubuhi yangekuwa yamepoa. Kwa aliyelewa, yanaweza kuzaa msiba usiku uleule.

Athari ya pili ni ya miezi na miaka. Unywaji wa mara kwa mara huvuruga usingizi na kuzidisha sonona. Bangi inayoanzwa utotoni huongeza uwezekano wa maradhi ya akili. Mirungi humfanya mtu akeshe, na anayeiacha huweza kulemewa na unyong'onyevu. Mambo hufuatana kinyume pia: kijana mwenye huzuni hunywa ili asahau, na pombe humrudishia huzuni kwa riba.

Athari ya tatu hutokea hata kijana mwenyewe asipoonja tone. Utafiti uliofanywa mwaka 2011 na Monica Swahn na wenzake kwa vijana 457 wa mitaa ya mabanda ya Kampala ulihusisha mawazo ya kujiua na kutelekezwa na wazazi walevi.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Katika utafiti wa wanafunzi uliofanyika Uganda mwaka 2003, takriban mmoja kati ya watano wa maeneo ya vijijini alisema amewahi kufikiria kujiua katika miezi 12 iliyotangulia. Daktari wa magonjwa ya akili Eugene Kinyanda na wenzake walichunguza vijana wa wilaya nne za kaskazini-mashariki mwa Uganda, Tororo ikiwemo. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha dalili za hatari ya kujiua kwa takriban asilimia 6, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana. Huenda tofauti ya tarakimu hizo inatokana kwa sehemu na namna swali linavyoulizwa: mwanafunzi hujaza fomu peke yake bila kutaja jina, ilhali mahojiano ya ana kwa ana yanadai ujasiri zaidi.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kwa muda huo wote, vijana wengi walikosa mwalimu ambaye angeweza kutambua mabadiliko ya tabia zao.

Sheria mbili, mpaka mmoja

Nchi zote mbili zimekataza kuwauzia pombe walio chini ya miaka 18, lakini mengine hutofautiana. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilihalalisha chang'aa chini ya masharti na kukataza vileo vya vipakiti. Uganda ilipiga marufuku vipakiti mwaka 2019; kabla ya hapo, bidhaa haramu upande mmoja ilikuwa halali hatua chache ng'ambo. Miraa ni zao linalotambuliwa na sheria za Kenya, ilhali sheria ya Uganda ya mwaka 2023 kuhusu dawa za kulevya imeibana pamoja na bangi.

Tofauti nzito zaidi ni kuhusu jaribio la kujiua lenyewe. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio hilo kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Uganda imeendelea kulihesabu kuwa kosa la jinai. Hofu ya polisi huifanya familia imfiche kijana anayehitaji daktari. Mila huongeza uzito huo: katika jamii nyingi za eneo hili, aliyejiua hakuzikwa kwa heshima za kawaida, na jina lake halikurithishwa.

Kinga na huduma

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataja hatua nne kuu: kuziweka mbali njia za kujidhuru, zikiwemo sumu za kilimo, kuandika habari za kujiua kwa uangalifu, kuwafundisha vijana stadi za kukabili hisia, na kuwatambua mapema walio hatarini. Hatua ya kwanza inafaa hasa katika nchi ya wakulima. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana, kwa kuwa dhiki kali mara nyingi hupita endapo mtu hana kitu cha hatari karibu.

Tiba ya mazungumzo ya vikundi imethibitishwa Uganda. Majaribio ya Masaka na Rakai, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kuwa watu wa kijijini waliopewa mafunzo mafupi wanaweza kuwapunguzia wenzao sonona.

Dalili za kuangaliwa ni kijana kujitenga, kugawa vitu vyake, kuongeza ulevi ghafla, au kusema kuwa yeye ni mzigo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani; humpa nafasi ya kusema. Akiwa amelewa, asiachwe peke yake hadi ulevi umtoke, na hata baada ya hapo apelekwe kwa mhudumu wa afya. Upande wa Uganda, rufaa hutoka hospitali ya Tororo kwenda Mbale, kisha hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika mjini Kampala. Upande wa Kenya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari mjini Nairobi. Simu ya msaada kwa watoto ni 116 katika nchi zote mbili, bila malipo.