Kabla ya Olimpiki: Vilima vya Surrey na Kesi ya Mwanamke Aliyenyimwa Meza kwa Sababu ya Suruali

Kwa wale mnaopenda video za baiskeli mitandaoni, lazima mmekutana na hii: kijibarabara chembamba cha lami, miti imefunga juu kama hema, jamaa kavaa nguo ya kubana na miwani ya bei mbaya, anapanda kona baada ya kona huku jasho linamtiririka. Mara nyingi hapo ni mkoa wa Surrey, kusini mwa London, na kile kilima maarufu ni Box Hill.

Ukitazama unaona raha tupu. Ila stori ya njia hizi ina kesi mahakamani, mbio za kujificha alfajiri na bibie aliyekataliwa kukaa mezani kwa sababu ya alichovaa. Na wengi wa waliozijenga sifa hizo, majina yao hakuna anayeyakumbuka. Twende taratibu.

KIJIJI KILICHOFUFULIWA NA BAISKELI

Rudi nyuma miaka ya 1870 na 1880. Baiskeli ya wakati huo ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, mtu anakaa juu kama yuko darini. Kupanda kilima ilikuwa shida, kushuka ndiyo balaa kabisa, maana breki zilikuwa za kubahatisha. Ukigonga jiwe unarushwa mbele, unatangulia kichwa. Ndiyo maana vyama vya waendesha baiskeli vilianza kusimika vibao vya onyo juu ya miteremko mikali.

Pamoja na hatari hizo, vijana wa London walikuwa wakitoka mjini wikiendi na kufuata barabara ya zamani ya Portsmouth hadi kijiji cha Ripley, kama kilomita 37 kutoka katikati ya jiji. Barabara hiyo iliwahi kuchangamka sana enzi za magari ya farasi. Reli ilipokuja, abiria wakahama na nyumba za wageni za njiani zikapoa. Baiskeli ndizo zilizorudisha wateja. Pale Ripley palikuwa na nyumba ya wageni iitwayo Anchor, ikiendeshwa na familia ya Dibble, na ilikuwa na kitabu ambacho kila mwendesha baiskeli aliyefika alisaini. Tuseme ndiyo "check-in" ya enzi hizo. Maelfu ya sahihi, na nyingi ni za watu wa kawaida tu.

Wakati huohuo watu hawa walikuwa wanapigania barabara zenyewe. Mwaka 1878 kilianzishwa chama cha watalii wa baiskeli, kikaja kujulikana kama Cyclists' Touring Club. Mwaka 1886 wakashirikiana na wenzao kuunda umoja wa kudai barabara bora, miaka kadhaa kabla magari ya mota hayajafika Uingereza. Mwaka 1888 sheria ikatamka kwamba baiskeli ni chombo cha usafiri kama vingine, kwa hiyo ina haki yake barabarani. Wenye magari walikuja baadaye wakakuta kazi imeshaanza.

BIBIE NA SURUALI YAKE

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Baiskeli ya magurudumu mawili yanayolingana ilipoingia sokoni mwaka 1885, na matairi ya upepo kufuata mwaka 1888, wanawake wengi zaidi nao wakapanda. Tatizo likawa mavazi. Sketi ndefu ya kufika kisiginoni inaingia kwenye mnyororo, inashika upepo, na kwenye vilima vya Surrey ni mateso. Baadhi yao wakaanza kuvaa suruali pana zinazobana chini ya goti. Mjini wakazomewa, wengine wakarushiwa vitu.

Oktoba 1898, Lady Harberton, mwanamke wa ukoo wa vigogo na mpiganiaji wa mavazi huru, alifika na baiskeli yake kwenye hoteli ya Hautboy, kijiji cha Ockham, jirani kabisa na Ripley. Akaomba chakula cha mchana katika chumba cha heshima. Mama mwenye hoteli akamtazama kuanzia juu hadi chini, akagoma. Akamwambia kwa vazi hilo atakula kule kwenye chumba cha baa, pamoja na wanaume wanaokunywa na kuvuta tumbaku. Lady akaondoka zake.

Hakuishia kuondoka. Cyclists' Touring Club kikaibeba kesi, maana hoteli ile ilikuwa kwenye orodha yake ya nyumba za kupokea wanachama, na sheria ilikuwa inamkataza mwenye nyumba ya wageni kumfukuza msafiri bila sababu. Mwaka 1899 ikasikilizwa. Matokeo? Bibie alishindwa. Mwenye hoteli alionekana hana hatia, kwa hoja kwamba hakumnyima chakula, alimpa chumba kingine tu.

Jamani, hoja hiyo mmeisikia wapi? "Hatujakukatalia, tumekupangia kwingine." Ndiyo maana kesi hii bado inachoma. Na fikiria: kama mke wa bwana mkubwa alifanyiwa vile, yule mwalimu wa kike au karani aliyetoka London na baiskeli ya kukopa alifanyiwa nini? Huyo hakuwa na chama cha kumbebea kesi, na gazeti halikumwandika.

WATU WA NGUO NYEUSI

Wanaume nao walikuwa na vita yao. Watu wenye magari ya farasi walilalamika kwamba baiskeli zinazokimbizana zinatisha farasi wao. Chama kilichosimamia mbio kikaogopa kwamba serikali itafungia baiskeli zote, kikaamua chenyewe kupiga marufuku mashindano ya pamoja kwenye barabara za umma.

Wapenda mbio wakatafuta ujanja. Badala ya kuanza wote kwa pamoja, kila mmoja aliachiwa peke yake, na wa pili akafuata baada ya dakika moja, anayepambana naye ni saa. Walianza alfajiri, kijiji kimelala. Walivaa nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi miguuni ili wasionekane kama wako mashindanoni. Karatasi ya ratiba iliandikwa kuwa ni siri, na njia haikutajwa jina, ilipewa herufi na namba tu. Kama unavyotumiwa location ya pati dakika za mwisho ili wasioalikwa wasijue.

Hali hiyo ilidumu miongo na miongo. Juni 1942, katikati ya vita, Percy Stallard aliandaa mbio za wazi kutoka Llangollen, Wales, hadi Wolverhampton, kundi zima kwa pamoja. Hakuna aliyedhurika, polisi walishirikiana naye, lakini wakubwa wa mchezo walimfungia. Yeye na wenzake wakaanzisha chama chao, na ugomvi ukaendelea mpaka mwaka 1959 pande mbili zilipoungana.

MIAKA 114 BAADAYE

Sasa kaa vizuri. Julai 2012, Olimpiki ya London. Mbio za baiskeli za barabarani zinatoka mjini na kuingia Surrey, zinapita Ripley, zinaenda kuzunguka Box Hill. Barabara zimefungwa na polisi, safari hii kwa ajili ya baiskeli. Watu wamejaa kando ya miti, hakuna aliyevaa nyeusi kujificha.

Jumamosi wanaume walikimbia kilomita 250, wakapanda Box Hill mara 9. Waingereza walimtegemea Mark Cavendish, dhahabu ikaenda kwa Alexander Vinokourov wa Kazakhstan. Jumapili, mvua ikinyesha haswa, zikaja zamu za wanawake. Marianne Vos wa Uholanzi alichukua dhahabu, na Lizzie Armitstead akachukua fedha. Ile fedha ndiyo ilikuwa medali ya kwanza kabisa ya Uingereza katika michezo ile. Mwanamke, juu ya baiskeli, baada ya kuzunguka mkoa uleule ambao mwaka 1898 mwanamke mwingine aliambiwa akale chumba cha baa.

Ila msishangilie sana. Wanawake walipangiwa kilomita 140 na mizunguko 2 tu ya Box Hill. Na mbio zao za barabarani ziliingia Olimpiki mwaka 1984, wakati wanaume walikuwepo tangu 1896. Ule wimbo wa "tumekupangia kwingine" ulibadilika sauti, haukuisha.

Hata barabara bado zinagombaniwa. Baada ya Olimpiki lilianza tamasha la kila mwaka lililoleta maelfu ya waendesha baiskeli kutoka London hadi vilima vya Surrey. Baadhi ya wakazi wakachoka kufungiwa barabara, na kuanzia 2022 tamasha likahamia Essex. Malalamiko ni yaleyale ya enzi za farasi, waliobadilika ni walalamikaji.

Kwa hiyo ukikutana tena na ile video ya kona za Box Hill, kumbuka uhuru wa yule jamaa kuvaa anachotaka na kukimbia mchana kweupe ulilipiwa na watu waliosaini kitabu pale Ripley, waliokula vumbi alfajiri na waliozomewa njiani. Hawakupata likes wala medali.

Haya, uwanja ni wenu. Ungekuwa Lady Harberton siku ile, ungekula chumba cha baa yaishe, au ungeenda mahakamani hata ukijua utashindwa? Dondosha maoni hapo chini.