Rusizi Inaingia ao Inatoka?

Kule Kalundu ukimwuliza mvuvi saa, atakujibu « saa mbili kamili », kumbe ni saa mbili na robo. Hatumwiti mwongo. Katika maongezi ya kila siku neno ni sahihi kama linakufikisha unakokwenda. Lakini saa ya fizikia tunadai namba, tena tunauliza namba ile inaweza kukosea kiasi gani. Sahihi hizi mbili zilikutana hapa kwetu mwaka 1858.

Mwezi wa nne mwaka ule Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi toka Ujiji. Walitafuta chanzo cha mto Nile. Kabla ya hapo Speke alikuwa amevuka mpaka kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi ya ziwa, akarudi na habari ya mfanyabiashara mmoja Mwarabu: kaskazini kuna mto mkubwa unaotoka ziwani. Habari ile ilipitia kwa mkalimani, Sidi Bombay, ambaye Speke aliongea naye Kihindustani. Na sisi wenye Kiswahili tunajua neno « kutoka » lilivyo. Jua limetoka: sasa linaonekana. Mwalimu ametoka: haonekani tena. Hatusemi neno hilo ndilo lililowapoteza, tunasema tu njia ya kupotea ilikuwa wazi.

Hapa Uvira wana watatu wa mwami Maruta waliwajibu bila kuzunguka: Rusizi inaingia ziwani. Walikuwa wameuona mto wenyewe, wakajitolea hata kuwapeleka, na watu waliosimama pale wakasema vilevile. Burton mwenyewe aliandika namna alivyovunjika moyo. Wapiga makasia wakakataa kuendelea mbele, safari ikaishia hapo.

Wageni wale walikuwa na kipima-joto. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, basi kwa sufuria tu mtu anaweza kukadiria urefu wa mahali juu ya bahari. Kwa ziwa letu walipata futi 1850 hivi, ni kusema karibu mita 564. Leo tunajua ni karibu mita 773. Namba yao yenye sura nzuri ilikosea mita 200 na zaidi. Neno la wana wa mwami, lisilo na namba hata moja, halikukosea.

Tusijisifu mno lakini. Wao walijua maji yanaelekea wapi, urefu hawakuupima. Kama kipimo cha leo kingekuwapo, Kivu mita 1460 na Tanganyika 773, mabishano yangekufa mapema, maana maji hayapandi mlima. Badala yake, mwaka 1864, katika ugomvi wake na Speke, Burton aligeuka akadai Rusizi inatoka ziwani! Ni mwezi wa kumi na moja 1871 ndipo Livingstone na Stanley walipofika kwa mtumbwi mpaka mdomo wa mto, wakaona maji yanaingia.

Mara nyingi inasemwa hao wawili ndio waliojibu swali. Sisi darasani tunaandika ubaoni 1858 kwanza, na jina la Maruta kando yake, kisha 1871.